Swali la Tarehe Nne

22 Julai

Dada yangu,

Pokea salamu hizi kwa mikono miwili, maana ni nzito na zimetoka mbali. Mimi ni mzima kama jiwe la kusagia. Mama miguu yake inaendeleaje? Mwambie mwanawe anakula vizuri na amenenepa. Ni uongo, lakini ni uongo wa kumnenepesha yeye. Shemeji naye msalimie, umwambie karata bado ninazo na siku nikirudi atalala amefungwa.

Sasa kaa chini usikie ukubwa wa mdogo wako. Mji mzima huu unaniita Profesa. Mimi, niliyeishia darasa la tano kwa sababu mwalimu wa hesabu alinichoka kabla mimi sijamchoka! Nimekuwa utingo, nimewapikia wajenga barabara, nimelinda bwawa lisiibwe, nimeona miji mingi kuliko stempu za posta, na kumbe riziki yangu ilikuwa mdomoni tu. Studio yetu iko juu ya duka la magodoro. Kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari nakaa mbele ya kipaza sauti nasema, "Siku kama leo, wasikilizaji," na nakuapia, hata vijiko vinaacha kukoroga.

Maswali yako ndiyo yanayonipa heshima hiyo. Mungu ambariki yule mgeni aliyesahau kile kitabu chake kinene cha matukio ya kila tarehe kwenye nyumba ya wageni unakofulia, na akubariki wewe uliyekiokota wakati wa kukunja mashuka. Lile swali la tarehe ishirini, la mtu wa kwanza kukanyaga mwezini, alitanguliza mguu gani, limegawa mji. Fundi viatu wa hapa chini anashikilia kwamba hakuna aliyefika huko, na kama alifika basi alikuwa na kiatu cha kuazima.

Nikueleze utaratibu, maana uliniuliza. Nauliza asubuhi. Mchana kutwa watu wanatumbukiza majibu kwenye sanduku la mbao chini ya ngazi. Kesho yake nasoma hewani majina ya waliopata, mmoja mmoja, kisha mmoja wao anapewa mche wa sabuni. Sabuni ni kisingizio tu. Wanachotaka ni kusikia majina yao yakitoka redioni. Fundi viatu huandika majina yake yote matatu na la babu yake juu.

Watu wema, ila wana vituko. Huku hakuna anayegonga mlango. Siku ya kwanza niligonga kwa mwenye nyumba, akatoka uso umempauka kama aliyekutana na jini. Akaniambia kwa upole, huku tunaita, Profesa, hatugongi. Basi sasa naita kama mwuza samaki.

Nitumie ya Agosti mapema. Nimebakiwa na machache.

Mdogo wako mwenye sauti,
Kasuku


9 Agosti

Mdogo wangu Kasuku,

Sisi hatujambo. Mama miguu imevimba tena, lakini anatembea mpaka mlangoni akishika ukuta. Nilipomsomea kwamba umenenepa, alisema, "Huyo kakonda." Shemeji yako anakusalimu na anasema karata zako zina alama kwa nyuma.

Barua yako imechelewa kunifikia na hii nayo itachelewa kukufikia, maana watu wa posta wamegoma na magunia yamelala kwenye veranda yao yakinyeshewa. Ndani nimekuwekea maswali ya kile kitabu, ya kuanzia tarehe ishirini Agosti mpaka mwisho wa Septemba. Nimeyaandika wakati wa mapumziko, kwa hiyo ukiona alama ya maji, ni ya kufulia.

Jambo moja. Watu wasiogonga mlango wana sababu yao. Usiwafanyie mzaha kwenye redio. Wewe ni mgeni, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Dada yako


17 Agosti

Dada,

Salamu kwenu nyote. Mama mwambie nakula. Mimi mzima, ingawa usingizi umenipungukia kidogo. Barua yako bado haijafika, na hilo ndilo lililonifikisha hapa.

Juzi asubuhi nilikaa mbele ya kipaza sauti sina swali hata moja. Mtu mwingine angecheza muziki. Lakini Profesa akose swali? Nikatazama dirishani. Dirisha letu linatazama kilima cha machimbo ya mawe, pale wanapopasua kokoto. Nikajisemea, nani atajua? Nikatunga. Nikasema hivi: siku kama leo, miaka mingi iliyopita, ukuta wa machimbo uliporomoka, je, walifukiwa watu wangapi? Moyoni nilishaamua kwamba jibu ni saba, kwa sababu saba ni namba nzuri. Nilijua watu watabahatisha, atakayegusa saba atapata sabuni yake, na maisha yataendelea.

Jioni nikafungua sanduku. Kwa kawaida ni vikaratasi vya kujaa kiganja. Safari hii lilikuwa limejaa. Nikafungua cha kwanza. Kimeandikwa: Watano. Hakina jina. Nikacheka, nikasema huyu sabuni haitaki. Nikafungua cha pili. Watano. Hakina jina. Cha tatu, cha nne. Dada, nilivimwaga vyote mezani. Miandiko ya kila namna, ya wino, ya penseli, ya mkaa, mizuri na iliyo kama nyayo za kuku, na vyote vinasema watano. Hakuna hata kimoja kilichosainiwa. Hata cha fundi viatu, ambacho nakijua kwa harufu ya gundi, kilikuwa uchi.

Vingine vilinisahihisha. Haikuwa leo, vilisema. Ilikuwa tarehe nne, mwezi wa kumi.

Mimi nilitunga, dada. Hakuna aliyeniambia lolote. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, lakini sikujua kwamba linaweza kuwa lilikuwa limekaa chini muda wote linanisubiri niseme.

Jana asubuhi sikuwa na majina ya kusoma. Nikatangaza kwamba hakuna mshindi, nikaweka muziki. Meneja akaingia, mtu ambaye hata kikohozi chake ni cha kuomba ruhusa, akaniuliza swali lile nimelitoa wapi. Nikamwambia ukweli. Alikwenda akafunga lile dirisha, akalisukumia kabati.

Leo fundi viatu ameniita, akanivua viatu na kuvipiga rangi bila mimi kuomba. Muda wote hakuniangalia usoni wala hakunitania. Sijawahi kuogopa viatu vyangu mwenyewe kabla ya leo.

Niandikie haraka. Hata kunitukana, nitukane.

Kasuku


2 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwetu. Mama yupo. Shemeji yako yupo.

Barua yako nimeipata jana. Bahasha ilikuwa imebandikwa upya kwa gundi nyingine, ile ya kahawia. Labda ni fujo za mgomo. Lakini kuanzia sasa usiniandikie jina la mtu yeyote wala la mji, hata jina la mtaa wako nyuma ya bahasha usiliweke. Andika kazi zao tu, nitaelewa.

Nataka ufanye hivi. Sema redioni kwamba ulikosea, ulichanganya kurasa, habari ile ni ya nchi ya mbali. Maswali yangu yatakuwa yamefika. Uliza hayo, hayamhusu mtu hapo. Ukiona wanakutazama vibaya, funga mizigo uje. Kitanda chako cha zamani mama ameweka maboga juu yake, lakini tutayaondoa.

Mdomo uliponza kichwa. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukitunga uongo, mimi napigwa kwa kukutetea. Safari hii sina mgongo wa kutosha.

Kuna jambo lingine nilikuwa nimelianza hapa, nimelikata. Ni la kazini tu. Usihangaike nalo.

Dada yako


13 Septemba

Dada,

Mstari ulioukata nimeutazama juani mbele na nyuma, sikuona kitu, umekata vizuri. La kazini gani? Wewe na mashuka mmekosana nini?

Haya, nikupe ya huku. Maswali yako yalifika. Nikafanya ulivyosema, nikatangaza kwamba nilichanganya kurasa. Siku ile ile sanduku likawa tupu kabisa. Na tangu hapo limekuwa tupu. Nauliza kila asubuhi kama mtu anayeongea na kisima.

Juma lililopita nikaitwa na mwenye machimbo. Hapa wote wanamwita Bwana Kokoto, naye hajali. Ni mtu wa kutabasamu. Bati la studio ni lake, hata kiti ninachokalia nikisema "siku kama leo" ni chake. Alinimiminia chai mwenyewe. Akanitaka nimsimulie safari zangu, nami unanijua, mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia nilivyovusha lori kwenye daraja la kamba, nikamwambia nilivyompikia waziri akalia kwa utamu. Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaniuliza kwa sauti ile ile ni nani aliyeniambia habari za ukuta.

Nikamwambia hakuna, bwana, nilitunga.

"Profesa," akasema, "nimekusikiliza muda mrefu. Kila ulichosema ni uongo, na kila uongo nimeujua. Mtu anayetunga vibaya kiasi hicho hawezi kutunga kitu kikawa kweli. Kuna mtu kakuambia."

Nikaapa kwa mama. Akanitazama, si kwa hasira, kama fundi anavyotazama jiwe aone litapasukia wapi. Kisha akasema tarehe nne ya mwezi wa kumi niulize swali lolote nipendalo, redio ni yangu, yeye atakuwa anasikiliza tu. Akamwita dereva wake anirudishe nyumbani. Huyo dereva ana njiti ya meno mdomoni asubuhi hadi jioni. Alinifikisha mlangoni kwangu, dada, na hakuniuliza naishi wapi.

Tangu siku hiyo gari hilo hushinda mbele ya duka la magodoro.

Sikiliza na hili. Kuna mama mmoja anauza mkaa. Alipandisha gunia mpaka studio ingawa sikuagiza, akawa ananichagulia vipande huku akisema bila kuinua kichwa, ili aliye nje aone ni biashara. Mumewe alikuwa mmoja wa wale watano. Ukuta ulianguka adhuhuri, miaka kumi na sita iliyopita. Walibaki kwenye mfuko wa hewa chini ya mawe, wazima, wakawa wanagonga kwa nyundo. Walisikika siku hiyo na ya pili yake. Bwana Kokoto alisema mwamba uliobaki ukiguswa utaua na waokoaji, na wakaguzi walikuwa njiani, wakikuta watu chini machimbo yatafungwa na mji mzima hautakuwa na kazi. Watu wakasikiliza, wakatazamana, wakanyamaza. Halafu ikatangazwa kwamba wale watano waliiba baruti wakatoroka. Mtoto wake ameitwa mtoto wa mwizi mpaka ameoa.

Alichosema cha mwisho nakuandikia kama kilivyo, maana kimenikaa kifuani.

"Sote tuliwasikia," akasema. "Halafu katapila likaja kusukuma udongo, tukaenda kupika."

Basi ndiyo maana huku hawagongi, dada. Hawawezi kuvumilia.

Akaniuliza tarehe nne nitauliza? Mimi, Profesa, niliyevusha lori kwenye daraja la kamba, nikamjibu kwamba siku hizi nina kazi nyingi. Akafunga gunia akashuka. Mkaa kaniachia.

Nifanye nini?

Kasuku


23 Septemba

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali. Mama anakusalimu, hajui kitu, na usimwandikie kitu.

Lile nililokata nakuambia sasa, kwa sababu kuficha hakujasaidia. Mwishoni mwa Agosti alikuja mgeni kwenye nyumba ya wageni, akachukua chumba, hakulala. Kitanda nilikikuta kama nilivyokitandika. Aliniita kwenye ujia nikiwa nimebeba mashuka, akaniuliza kama mimi ndiye mwenye kitabu. Nikamwambia vitabu vya wageni hupelekwa ofisini. Akasema sawa. Alikuwa mpole sana. Akauliza mama yetu miguu imepona? Nikahisi sakafu inainama. Alipokuwa anaondoka alisema, "Mkiandikiana, msalimie Kasuku."

Kasuku, dada. Naandika "dada" kama wewe, nimechanganyikiwa. Hakuna duniani anayekuita jina hilo ila mimi na mama. Huko unaitwa Profesa. Amelipata ndani ya barua zetu. Kila nilichokuandikia amekisoma yeye kwanza, hata maboga.

Nilinyamaza kwa sababu nilifikiri ukijua utafanya ushujaa wa kijinga. Sasa nakuomba, sikuamuru. Tarehe nne uliza hili, nimelichagua kwa makusudi: siku kama leo, chombo cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu kilirushwa kuizunguka dunia; ilikuwa mwaka gani? Jibu ni elfu moja mia tisa hamsini na saba. Ni mbali, ni juu, halina mtu chini yake. Uliza hilo, soma majina, panda gari uje.

Wale watano wamekufa. Sisi watatu bado tupo. Nimeandika hivyo na nimejiona mbaya, lakini sifuti.

Hii namkabidhi dereva wa lori la vitunguu anayelala hapa kila juma. Anapita kwenu. Usirudishe kwa posta.

Dada yako


30 Septemba

Dada,

Dereva wa vitunguu amenipa barua yako, inanuka mpaka macho yananitoka maji, nami nimefurahi kupata kisingizio.

Umeshinda. Nitauliza swali lako. Nimemwambia meneja, akashusha pumzi kama gurudumu lililochomwa msumari. Tarehe tano baada ya kusoma majina natoka kama naenda kununua maandazi, siku ya pili mtaniona.

Sitaki unifikirie mjanja. Si hekima, ni woga mtupu. Leo adhuhuri nilikuwa nimelala, mlango wangu ukagongwa. Kugongwa, dada, kwa kitu kigumu, taratibu, kisha kimya, kisha tena. Mtaa mzima ulinyamaza. Kuku walinyamaza. Nilikaa sakafuni nyuma ya kitanda mpaka miguu ikafa ganzi. Nilipofungua hapakuwa na mtu, palikuwa na njiti ya meno imelazwa kwenye kizingiti, safi, haijatumika.

Majirani walikuwa wamesimama milangoni mwao. Walikuwa wameziba masikio, watu wazima na nywele zao za mvi. Walinitazama kama wanaoniomba radhi, na mimi nikawatazama kama ninayewaomba hiyo hiyo, kisha kila mtu akaingia ndani.

Muondolee mama maboga kitandani.

Kasuku


5 Oktoba

Dada yangu mpendwa,

Ukiona barua hii imemtangulia mwenyewe, usilie kwanza. Soma mpaka chini.

Jana niliuliza swali lako. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeazima sauti, lakini niliuliza neno kwa neno, chombo, dunia, mwaka. Bwana Kokoto alikuwa ndani ya gari lake hapa mbele, kioo kimeshushwa, redio yake inanirudia mimi mwenyewe kupitia dirisha dogo la barabarani. Nilipomaliza alitabasamu akapandisha kioo.

Jioni nikashuka kuchukua sanduku. Sikuweza kulifungua, karatasi zilikuwa zimeshindiliwa mpaka zimetokeza kwenye tundu. Nyingine zilipangwa kwenye ngazi, kila moja imekandamizwa kwa kipande cha kokoto isipeperuke. Wakati wote gari lilikuwa pale pale. Walikuwa wamepita mbele yake wote, wakiinama, wakiweka.

Hakuna aliyeandika mwaka. Kila karatasi ilisema watano. Chini yake majina matano, yale yale kila karatasi, na chini kabisa, dada, jina la aliyeandika. Wameweka majina yao. Fundi viatu kaweka yake yote matatu na la babu yake.

Nilikaa nazo usiku kucha, sitaki kukumbuka. Asubuhi nikampelekea meneja. Akazisoma chache, kisha uso ukamtulia, akaniuliza kanuni ya kipindi inasemaje. Nikamwambia husomwa majina ya waliopata. Akauliza jibu la jana lilikuwa nini. Nikamwambia, hamsini na saba. Basi, akasema, hawa wote wamekosa, huna la kusoma, weka muziki uende zako.

Ilikuwa njia safi kabisa ya kutokea, na mimi nimetokea kwenye njia chafu zaidi ya hiyo. Maandazi yalikuwa yananisubiri. Mfuko wangu ulikuwa nyuma ya mlango. Nikakaa, nikawasha kipaza sauti, na nakwambia ukweli wa Mungu, sikuwa nimekusudia lolote. Mdomo uliniponyoka kama ulivyoniponyoka Agosti. Nikasema hivi:

"Siku kama jana, wasikilizaji, hakuna aliyepata. Leo kwa mara ya kwanza tutasoma majina ya waliokosa, pamoja na walichojibu."

Nikaanza. Karatasi ya kwanza: watano. Nikasoma majina matano, kisha la mwandishi. Ya pili: watano, majina yale yale matano, kisha la mwandishi. Meneja aliweka kidole kwenye swichi. Nikamwona kwa pembe ya jicho na nikaendelea kwa kuwa sikujua namna ya kusimama. Taarifa ya habari ikapita wakati wake. Yale majina matano, ambayo kwa miaka kumi na sita yalisemwa kwa kunong'ona na neno mwizi nyuma yake, niliyasema mpaka yakawa kama majina ya watu wa nyumbani kwetu. Kidole cha meneja kilikaa kwenye swichi mpaka karatasi ya mwisho, na hakikushuka. Nilipomaliza alitoa kikaratasi mfuko wa shati, kimekunjwa mpaka kimelainika, akakiweka mbele yangu. Na hiki, akasema. Jina la nne kati ya yale matano lilikuwa la kaka yake.

Ngazi zikaanza kulia. Nikajua ni njiti ya meno. Dada, nilitafuta pa kuingia, chini ya meza pana waya tu. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama muuza mkaa, mikono imeoshwa mpaka kwenye viwiko, amevaa nguo ya heshima. Nyuma yake fundi viatu, nyuma yake mwenye nyumba wangu, na ngazi nzima mpaka chini barabarani imejaa watu.

Nilifikiri amekuja kunishukuru, nikaanza kutengeneza uso wa kushukuriwa. Hakunishukuru. Aliniambia nimelitamka vibaya jina la mumewe, mara zote, kila karatasi.

Nikamwambia, "Basi liseme wewe, mama."

Nikainuka kwenye kile kiti cha Bwana Kokoto, akakaa. Nikamsogezea kipaza sauti karibu na mdomo. Alikitazama kwa muda kama anayetazama shimo. Kisha akalisema. Mara moja tu, taratibu, na kweli nilikuwa nimelikosea. Halafu akaanza kueleza alikuwa mtu wa namna gani, kwamba alipenda kulala mchana na alikuwa hajui kuimba ila aliimba. Nje tukasikia gari linawashwa. Hakuna aliyeinuka kuchungulia linaelekea wapi.

Naandika haya papo hapo, juu ya goti, yeye bado anazungumza. Sijui linaloendelea huko nje na sijui usiku utakuwaje. Meneja ametuma watu kupiga simu kwa wakaguzi, wale wa sasa, na hakuna anayejua kama watakuja au watakuja na nani. Hawa watu wamekataa nitoke peke yangu, hata chooni fundi viatu kanisindikiza. Kwa hiyo kuja kwenu nitachelewa. Mwambie mama kazi imeongezeka, na asimfungulie mgeni yeyote mpole. Shemeji alale mlangoni, akorome kwa nguvu zake zote, sasa ndio wakati wake.

Barua hii inakuja na vitunguu. Dereva anarudi Jumanne. Mpe jibu mkononi, na umpe maswali ya Novemba.

Mdogo wako,
Kasuku